Alama Kumi na Tisa Chini ya Meza ya Pasi

Mimi nilisema sitaki. Mara ya kwanza nilisema kwa upole, mara ya pili nikainua sauti, mara ya tatu nikafunga mlango. Watu wa mtaa wakanipitishia daftari chini ya mlango, na kalamu juu yake. Mtu wa umri wangu, niliyejifunza kusoma wakati wajukuu wangu wameshajua kunikosoa, nikae niandike habari za mtu mwingine, tena mwenyewe kasoma mpaka chuo! Si aandike yeye? Eti ameshaandika ya chuo, sasa wanataka ya watu. Haya. Herufi zangu ni kubwa na kila moja imetazama kwake, lakini zinasomeka. Anayeshindwa avae miwani.

Nakwambia mapema usije ukakaa roho juu kama tulivyokaa sisi: msichana alifaulu. Cheti anacho. Tulia sasa nikueleze alivyoponea chupuchupu.

Mtaani kwetu msichana huyu anaitwa Maswali. Jina hilo alilipata kabla hajaota meno yote. Ukimpa maji anakuuliza yametoka wapi, ukimpa kiti anauliza nani alikikalia jana. Amelelewa na bibi yake, mama wa mama yake, ambaye alipiga pasi katika dobi la hospitali kuu miaka thelathini na mmoja. Hiyo thelathini na mmoja ishike vizuri, maana ndiyo iliyoleta kisa chote. Bibi huyo hakuwahi kusema "miaka mingi" au "karibu thelathini". Alisema thelathini na mmoja, akakazia pale kwenye mmoja kama anayepigilia msumari.

Maswali alikuwa amefika mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na kilichobaki ni kazi ya historia tu. Bila kazi hiyo hakuna cheti. Shule ya msingi iliyo jirani na kituo cha zimamoto ilishamwekea darasa la tatu, mradi aje na cheti kabla muhula haujafunguliwa. Akichelewa, wangemchukua mwingine. Na kazi ya kwanza alikuwa ameshaipeleka. Aliandika habari za jengo la halmashauri, mnara wake, saa yake na waliokata utepe. Mwalimu wa historia, mtu mwembamba aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni asije akaisahau tena kwenye basi, aliisoma kurasa tatu akaifunga.

"Hii umeinakili," akamwambia.

"Mwalimu, nime..."

"Umeinakili, mwanangu. Na uliyemnakili naye alinakili." Akamsogezea karatasi zake. "Nenda ukaniletee mahali pa kazi pa watu wa mji huu. Nataka mashahidi watatu: mdomo, karatasi, na kitu. Mdomo unisimulie, karatasi inithibitishie, na kitu nikishike kwa mkono wangu. Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi. Ukikosa, tutaonana mwakani hapahapa, mimi na wewe na kiti hiki."

Maswali alirudi nyumbani uso umemshuka. Akamkuta bibi yake amesimama mbele ya meza ya pasi, ile meza ndefu inayokula nusu ya sebule. Meza hiyo ilitoka dobini. Hospitali iliponunua mashine, meza za zamani zilitupwa nje zikatwe kuni, na bibi akakodi mkokoteni akaitembeza yake katikati ya barabara kama bibi harusi. Mpaka leo anapigia watu nguo juu yake.

"Mdomo si huu hapa?" bibi akasema aliposikia habari za mashahidi. "Leta hilo daftari lako. Na ukae wima, sisimulii mtu aliyekunjika."

Akasimulia siku mbili. Pasi za mkaa zilivyowekwa mlangoni zipulizwe. Mashuka ya wodini yalivyofika yamefungwa mafungu, na jinsi ulivyoweza kujua kwa harufu tu ni wodi gani. Joto la mle ndani, mpaka wakipumzika walisimama ukutani kwenye kivuli cha mashuka yaliyoanikwa. Maswali akaandika mpaka mkono ukafa ganzi.

"Mlikuwa wangapi, bibi?"

"Kumi na tisa."

"Na wewe uliingia lini?"

"Mwaka aliozaliwa mama yako. Andika: miaka thelathini na mmoja."

Akaandika. Kesho yake akaenda hospitalini kutafuta shahidi wa pili. Karani wa masjala alikuwa mama mmoja mwenye mafua yasiyokwisha kwa sababu ya vumbi la mafaili. Kila akivuta faili alipiga chafya mbili, na Maswali akamwambia pole mbili. Siku ya tatu ya pole na chafya faili likapatikana: orodha ya wafanyakazi wa dobi, mwaka uleule aliozaliwa mama yake. Maswali akapitisha kidole. Majina kumi na manne. Akahesabu tena kutoka chini. Kumi na manne. La bibi halikuwamo. Lilikuja kutokea miaka miwili baadaye, kwa wino wa rangi nyingine.

Hapo ndipo alipokosea. Mimi ningemwambia arudi taratibu, anywe chai, aanze mbali. Yeye aliingia na viatu vyake akasema palepale mlangoni:

"Bibi, faili linasema mlikuwa kumi na wanne. Na wewe hukuwepo."

Bibi akaiweka pasi kwenye kitako chake. "Faili linasema."

"Ndiyo. Linasema ulianza miaka miwili baadaye. Kwa hiyo ni ishirini na tisa, si..."

"Hiyo karatasi," bibi akasema polepole, "ilipiga pasi lini?"

Basi. Akafunga mdomo, shahidi wa kwanza akawa amejitoa. Siku tatu hakumsemesha mjukuu wake. Alizungumza na birika. "Birika, mwambie mwenye viatu avitoe njiani." "Birika, kuna watu humu wanajua kusoma lakini kufagia hawajui." Na Maswali naye, kiburi ni cha ukoo, akamjibu kupitia birika hilohilo, mpaka birika likachoka.

Lakini ndani alikuwa anaungua. Alikwenda kwa mwalimu kuuliza afanye nini, mdomo unasema hivi na karatasi inasema vile. Mwalimu akamwambia mashahidi wawili wakigombana, anaitwa wa tatu. "Kitu kiko wapi?" Hakuwa na kitu. Pasi za mkaa ziliuzwa chuma chakavu. Jengo la dobi sasa ni maegesho ya magari. Akauliza mtaa mzima nani ana barua, kitambulisho, picha, chochote cha dobi. Alikuja hata kwangu, maana mimi nilisimama meza ya pili mle ndani, bega kwa bega na bibi yake. Nikamwambia sina karatasi yoyote. Na kweli sina. Aliniuliza karatasi nikamjibu karatasi.

Ijumaa asubuhi, siku tatu kabla ya ile Jumatatu, Maswali aliamua kwenda chuoni kuomba asogezewe mpaka mwakani. Darasa la tatu lichukuliwe na mwingine, afanyeje. Akaona walau aende na blauzi iliyonyooka. Akawasha pasi ya umeme, akaitandika blauzi mezani, akaanza na kola kama alivyofundishwa. Sijui mawazo yalikwenda wapi. Ninachojua ni kwamba aliinua blauzi aitazame na pasi akaiacha imelala kifudifudi juu ya meza.

Harufu ikamfikia bibi uani. Akaja mbio ambazo hakuwa amekimbia miaka mingi, akaing'oa pasi. Juu ya meza palibaki alama ya kahawia yenye umbo la pasi kamili, mpaka ncha.

Birika likasahauliwa. "Umeniunguzia meza! Wewe! Meza iliyovuka mji mzima kwa mkokoteni!"

"Nisamehe, bibi."

"Msamaha hautandikwi. Toa shuka kuukuu sandukuni, chukua sindano, ingia chini ushone. Umeunguza wewe, utashona wewe."

Sasa hapa nikueleze, maana asiyefanya kazi ile hawezi kujua. Meza ya pasi haivuliwi nguo. Kitambaa kikiungua huking'oi. Unatandika kingine juu yake, unakunja mapindo chini ya meza, unayashona kwenye mapindo ya kile cha zamani. Kadiri vitambaa vinavyolaliana ndivyo meza inavyokuwa laini na nguo inavyotulia. Meza mpya ni ngumu kama moyo wa nyapara. Meza ya bibi ilikuwa na vitambaa saba, na vyote alivishona yeye au wenzake. Maswali alikuwa hajawahi kuingia chini yake na sindano.

Akalala chali sakafuni, sindano mdomoni, akaanza kulegeza pindo apate mahali pa kushikiza. Pembeni akaona ufunguo. Ufunguo mdogo wa uzi mwekundu, umetariziwa vizuri na meno yake mawili. Akalegeza zaidi. Kitambaa cha chini yake nacho kina ufunguo. Cha tatu, ufunguo. Akafika cha nne, na pale pindo zima lilikuwa limejaa: mkasi, kijiko, samaki, jani, ngazi, ufunguo, jicho, kimoja baada ya kingine kama watu waliopanga foleni.

"Bibi," sauti ikatoka chini ya meza. "Hivi ni nini?"

"Vipi?"

"Huku chini. Michoro."

"Si alama tu hizo. Wodini walikuwa wezi. Ukiacha shuka zuri mezani asubuhi unalikuta kitandani kwa mgonjwa. Kwa hiyo kila kitambaa kipya kikitandikwa, wote waliopo siku hiyo walitia alama zao. Nani angeiba kitambaa chenye macho ya watu wote wale? Hizo tatu za juu nimeshona hapa nyumbani, ndiyo maana niko peke yangu."

Maswali alitoka chini ya meza kwa haraka mpaka akagonga kichwa. "Wote waliopo? Kila mtu alama yake?"

"Ndiyo. Nani aliyekuwa anajua kuandika jina?"

"Bibi! Wiki tatu natafuta kitu! Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza vitu vya dobi, ukasema barua, ukasema picha, ukasema kitambulisho. Hilo ni tambara la meza. Mtu anapeleka tambara chuoni?"

Hakwenda chuoni siku hiyo. Wakakaa sakafuni wawili, mzee juu ya mto na msichana juu ya mkeka, wakafumua. Bibi alikata uzi kwa wembe bila kugusa kitambaa, na Maswali akaandika: kitambaa cha nne, alama ishirini na mbili. Cha tano, ishirini na moja. Cha sita, ishirini. Bibi alikuwa anazitaja. "Huyu samaki alikuwa anaimba. Huyu jicho, usimkopeshe kitu." Walicheka. Siku tatu za birika zikawa kama hazikuwahi kuwepo.

Kikabaki kitambaa cha saba, cha kwanza kutandikwa, kimegandana na mbao. Bibi akaweka wembe chini.

"Hicho kiache. Kimeoza."

"Hakijaoza, bibi. Naona alama."

"Nimesema kiache, inatosha."

Lakini pindo lilikuwa limeshalegea, na macho ya Maswali yalikuwa yameanza kuhesabu yenyewe. Mkasi. Kijiko. Samaki. Alifika mwisho akarudi mwanzo. Nyekundu kumi na nne. Ufunguo haukuwepo.

Fikiria wewe: kitu umekitafuta wiki tatu, umekipata, halafu nacho kinakuja kusimama upande wa karatasi na kusema bibi yako ni mwongo. Angeweza kuandika hivyo akafaulu. Mdomo ulikosea, karatasi na kitu vimekubaliana, kwisha kazi. Alinieleza baadaye kwamba alilifikiria hilo, akamtazama bibi yake, akafunga daftari.

"Basi, bibi," akasema. "Nitaandika habari nyingine."

"Utaandika ipi na leo Ijumaa?"

"Sijui. Ila hii siiandiki."

Bibi akajivuta kwa magoti mpaka mezani, akaushika mkono wa mjukuu wake, akauingiza kwenye pindo, kati ya samaki na jani, palipokuwa peupe hapana kitu.

"Fumba jicho," akamwambia. "Tia kidole."

Maswali akapapasa. Kilikuwepo kitu. Kinundu, halafu mstari, halafu meno mawili. Ufunguo. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe.

"Hospitali haikuchukua mwenye mtoto mchanga," bibi akasema, akitazama ukuta. "Kanuni. Na mimi mama yako alikuwa na wiki sita, na baba yake alishaondoka. Tulikuwa watano wa namna hiyo. Wale kumi na wanne walitupitisha mlango wa makaa, ule wa nyuma wa kuingizia mkaa wa pasi. Walitugawia kazi, na siku ya mshahara walitugawia cha kwao. Nyapara akija na orodha yake tunasimama nyuma ya mashuka. Aliyeandikwa akiugua, mmoja wetu anaitikia jina lake. Mama yako alilala kwenye kapu la foronya chini ya meza hii hii, na alipolia, samaki alianza kuimba kwa nguvu. Tulipotandika kitambaa, wenzetu wakasema nanyi mtie. Tukatia kwa uzi mweupe, nyapara asione. Miaka miwili niliitikia majina ya watu. Sasa hiyo nimwambie nani? Kwamba mimi niliingia kazini kwa mlango wa makaa?"

Maswali alikuwa anapapasa pindo lote, taratibu, kama anayemtafuta mtu gizani. Ufunguo. Kifungo. Yai. Mwezi. Na kwenye kona, kitu chenye meno mengi: kitana.

Watano.

"Bibi," akasema, na sasa alikuwa analia na kucheka, "ni kumi na tisa."

"Nilikwambia nini?" bibi akasema. "Birika, mwambie nilimwambia nini."

Jumamosi wakaja kwangu na kitambaa kimekunjwa ndani ya mfuko. Nikavaa miwani. Ule mkasi mwekundu ni wangu, naujua, mguu mmoja mfupi. Tukakaa mpaka chai ikapoa mara mbili, tukawapa majina wote tuliowakumbuka. Wekundu kumi na wanne, wote. Weupe wanne. Kitana kikatushinda. Alikuwa mrefu, hakuzungumza sana, mtoto wake alikuwa wa kiume. Alikaa mwaka mmoja hivi, siku moja hakuja. Jina hakuna aliyelishika, kwa sababu kila siku aliitikia la mtu mwingine.

Jumatatu bibi hakukubali kitambaa kiende chuoni na makunyanzi. Akakipiga pasi kwa nyuma, kwa maji kidogo, alama zisilale. Akakibeba mwenyewe. Pale chuoni alipewa kiti cha korido akakikataa, akasimama mlangoni kwa mwalimu wa historia, mkono kiunoni, kama nyapara.

Mwalimu akasoma. Alisoma kurasa zote, si tatu. Akahesabu alama nyekundu, akatazama nakala ya orodha ya masjala, akasema kumi na nne kwa kumi na nne. "Na hawa watano unaowataja wako wapi? Sioni kitu."

"Fumba jicho, mwalimu," Maswali akasema. "Tia kidole."

Mlangoni mtu akakohoa. Mwalimu akavua miwani ikabaki ikining'inia kwa kamba yake, akafumba macho kabisa, akapapasa. Alipofika kwenye ufunguo akasimama, akaurudia. Akaenda mpaka kona.

"Hiki chenye meno?"

"Kitana."

"Cha nani?"

"Hatujui, mwalimu. Tumeuliza, hatujui."

"Umeandika kwamba hamjui?"

"Ukurasa wa mwisho."

"Vizuri. Kwenye kazi ya kwanza ulikuwa unajua kila kitu." Akavaa miwani, akachukua kalamu, akaandika alama yake juu ya jalada, akaizungushia duara. Halafu akainuka, akaenda mlangoni, akamwinamia bibi. "Shikamoo, mama. Miaka mingapi ulifanya kazi pale?"

"Thelathini," bibi akasema, "na mmoja."

Maswali anasema walipofika nje, alikaa kwenye ngazi za chuo na blauzi yake iliyonyooka, akacheka mpaka waliopita wakamshangaa. Bibi naye akakaa, yeye aliyekataa kiti. Wakakaa hapo muda mrefu bila haraka yoyote.

Sasa darasa la tatu wanamwita mwalimu, na wao ndio wanaomuuliza maswali. Dawa yake ameipata. Yule karani wa masjala alichukua nakala ya kazi ile akaibana ndani ya faili la dobi, nyuma ya orodha ya majina kumi na manne, akapiga chafya mbili. Bibi alipoambiwa akasema haimhusu, kisha akataka aelezwe tena imebanwa ukurasa gani. Na meza imevalishwa upya, vitambaa sita vya zamani na kipya kimoja juu, maana cha saba kiko chuoni ndani ya kioo. Analalamika kwamba sasa meza ni ngumu na kola hazitulii. Mwache alalamike. Analala vizuri.

Nimemaliza. Mkono unaniuma na sijalipwa hata chai. Kwa hiyo na wewe uliyekaa ukasoma bure mpaka hapa, una kazi. Inuka uende kwa mama yako, kwa bibi yako, kwa shangazi yako mkubwa. Vuta masanduku, geuza mapindo, usitazame tu, papasa. Ukikuta kitana cha uzi mweupe, au ukimjua mwanamke mrefu asiyezungumza sana aliyewahi kuitikia jina lisilo lake, njoo uniambie anaitwa nani. Uliza nyumba ya mkasi, watakuonyesha. Usije mikono mitupu: niletee kibunda cha uzi mwekundu. Nafasi yake kwenye pindo la kitambaa kipya ipo, na mara hii nitamshona aonekane.